Mwezi Uliosuguliwa

Mwaka ule tulikula maembe mabichi ya kuchemsha. Mtu wa Garsen ukimwambia hivyo hakuulizi tena ni mwaka gani. Mto ulipanda mashambani ukala mpunga, ukala ndizi, ukaingia jikoni kwangu ukaondoka na mafiga. Miembe ndiyo iliyobaki imesimama, maji kiunoni, nasi tukawa tunaipitia kwa mtumbwi tukichuma maembe machanga, magumu kama mawe. Tuliyachemsha kwa chumvi tukawaambia watoto ni viazi. Watoto walituangalia tu. Baadaye yakaja mahindi ya njano ya msaada, yale unayoyabandika alfajiri na adhana ya alasiri inakukuta bado yanakugonga meno. Basi katika mwaka huo wa maembe ya kuchemsha ndipo mjukuu wangu alipoupeleka mwezi shuleni, na mimi nikauharibu.

Mjukuu huyo ni binti wa mwanangu wa kiume. Mwanangu analima Bura, kwenye skimu, kwa maji ya mfereji. Binti alibaki nami Garsen tangu akiwa mdogo, na mwaka huo alikuwa kidato cha tatu. Mimi namwita mke mwenzangu. Marehemu babu yake alikuwa akimwita mke mdogo, nami nikinuna wivu wa mchezo, na jina likabaki hata mume wetu alipoondoka.

Mafuriko yalifunga shule. Madarasani walilala watu na mbuzi wao. Shule ilipofunguliwa, mke mwenzangu, aliyezoea kuwa wa tatu au wa nne, akaanguka hadi nikaacha kuuliza ni wa ngapi. Na huko Bura mama yake akajifungua mapacha. Nikajua mwanangu atakuja, na kweli akaja, na pikipiki yake imejaa vumbi hadi kwenye taa.

Hakukaa hata kunywa chai.

"Mama," akasema, "huyu binti muhula ukiisha aje Bura. Mama yake ana watoto wawili kifuani, hana mkono wa tatu."

"Na shule?"

"Shule itangoja."

"Shule haingoji mtu," nikamwambia. "Mimi iliniambia itaningoja nikafukuze ndege kwenye mpunga, msimu mmoja tu. Nilikuwa darasa la pili. Mpaka leo inaningoja."

Mwanangu akatazama chini. Ni mtu mzuri, lakini akichoka anakuwa mgumu kama udongo wa kiangazi. Binti alikuwa mlangoni, beseni la vyombo mikononi. Akasema polepole, "Baba, kuna mashindano ya sayansi ya kaunti. Katika shule yetu atachaguliwa mtu mmoja wa kwenda Hola. Nimejiandikisha."

"Na ukichaguliwa?"

"Nitakuwa nimechaguliwa."

Mwanangu akacheka, hakupenda kucheka, lakini akacheka. Akasema, "Haya. Siku hiyo nitakuja mwenyewe. Ukichaguliwa, utabaki hapa umalize kidato cha nne na sitatia neno. Usipochaguliwa, utapanda nyuma ya pikipiki hii siku hiyo hiyo."

Aliyasema mbele yangu. Mwanangu akisema neno mbele yangu halirudi nyuma, anajua nitampiga nalo maisha yake yote.

Sasa nieleze hiyo sayansi yenyewe. Ilianza jikoni, jua limezama, mimi napuliza moto. Ile nyota kubwa ya jioni ilikuwa imewaka upande wa magharibi, ile tuliyoiita sisi mke wa mwezi, na kwenye vitabu inaitwa Zuhura. Binti akaitazama muda mrefu mpaka nikamwuliza kama inamdai.

"Nyanya," akasema, "sisi tunaiona hivyo. Je, mtu angekuwa kule, sisi angetuonaje?"

"Kule kuna watu?"

"Hakuna. Na ukishuka chini kabisa huoni kitu, mawingu yamefunika mwaka mzima. Lakini tuseme umekaa juu ya mawingu hayo. Dunia ndiyo ingekuwa nyota kubwa kuliko zote. Ingekuwa inang'aa kuliko Zuhura inavyotung'aria sisi."

Nikaacha kupuliza. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima kwenye matope, nguo zangu zimenuka ukungu, na huyu mtoto ananiambia natoa mwanga.

"Tunang'aa kwa nini? Tuna moto?"

"Hatuna. Jua linatupiga, tunarudisha. Mawingu ndiyo yanayorudisha zaidi, kwa weupe wake."

"Mawingu haya haya yaliyotunyeshea?"

"Haya haya."

"Na Garsen inaonekana?"

"Nyanya, Garsen haionekani hata kutoka Tarasaa hapo jirani."

Tulicheka mpaka moto ukazima.

Tangu jioni hiyo akawa ananieleza kila siku. Alikuwa na kitabu cha kuazima kwa mwalimu wake wa fizikia, ukurasa mmoja umekunjwa na maji ya mafuriko. Alinieleza kwamba ukisimama Zebaki, iliyo karibu na jua kuliko zote, Zuhura inakuangazia hadi unaona kivuli chako. Kwamba Mirihi, ile nyekundu, ina miezi miwili midogo, myeusi kama makaa, na mmoja wao unakimbia sana hata unachomoza magharibi na kutua mashariki.

"Huo umelewa," nikasema.

"Na ingawa ni mweusi, Nyanya, na ni mdogo, mtu akiwa Mirihi unamng'aria kuliko Zuhura inavyotung'aria sisi. Kwa sababu uko karibu."

Lakini alipofika kwenye mwezi wetu, hapo tuligombana. Aliniambia mwezi ni mweusi.

"Mwezi gani?"

"Huu."

"Huu tunaotembea kwa mwanga wake? Huu unaoonyesha hata sindano? Mke mwenzangu, njaa imekupanda kichwani."

Hakubishana. Kesho yake mchana aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekichukua kisufuria changu cha kuchemshia maziwa, kile kidogo, kitako chake kipana kama kiganja. Kisufuria hicho kilikuwa kimepikiwa kwa kuni mbichi miezi yote ya mafuriko, na kitako chake kilikuwa cheusi tii, masizi juu ya masizi. Alikiegemeza kwenye kigingi juani, kitako kikilielekea jua, na nyuma yake ni mlango wa ghala ulio wazi, ndani giza. Akanikatia kikonyo cha jani la mpapai, kile kilicho wazi ndani kama bomba, akaniambia nifumbe jicho moja nichungulie kwa lingine.

Nikachungulia. Nilichokiona ndani ya lile tundu, kwenye giza la ghala, ni duara jeupe jeupe linalowaka. Haki ya Mungu, ulikuwa mwezi. Nikatoa kikonyo jichoni: masizi. Nikarudisha: mwezi.

Kisha akaja na mfuniko wa ile sufuria yangu kubwa ya harusi, niliokuwa nimeusugua Jumamosi, akauweka kando ya kisufuria. Nikachungulia tena. Mfuniko ukanichoma jicho, na mwezi wangu ukarudi kuwa kitako cha kisufuria.

"Mfuniko ni Zuhura," akasema. "Umeona? Mwezi unatung'aria kwa sababu uko mlangoni petu. Ukienda mbali ukautazama, ni masizi. Hilo ndilo nitakalowaonyesha."

Nilimwamini kuanzia hapo. Niliyaona kwa jicho langu, sikuambiwa na mtu. Na ndiyo maana kosa nililofanya siwezi kulitupia ujinga.

Akakusanya vyombo vyake vyote kutoka jikoni kwangu. Mfuniko wa harusi ukawa Zuhura. Sinia ya bati yenye maua ya buluu na meupe ikawa Dunia, kwa sababu upana wake ni mara nne ya kitako cha kisufuria, na ndivyo Dunia ilivyo kwa mwezi. Kigae chekundu cha mtungi uliovunjwa na maji kikawa Mirihi. Yai la kuku likawa mwezi mmoja wa Zohali, mweupe kuliko kitu chochote kinachozunguka jua, alisema, mweupe kwa barafu. Nikamwonya kuhusu yai. Nilimwambia mwaka wa maembe ya kuchemsha si mwaka wa kupeleka yai mahali penye wanafunzi.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, wifi yangu alipita. Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu, na tangu niolewe hajawahi kuingia kwangu asione vumbi. Akaviona vyombo vimepangwa juu ya mkeka.

"Hivi vinakwenda wapi?"

"Shuleni. Kesho wazazi na wageni wanakwenda kutazama."

Akakiinua kisufuria kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemwinua panya kwa mkia.

"Na hiki nacho?"

"Hicho ndicho mwezi."

"Mwezi!" Akakiweka chini, akajifuta kidole kwenye leso. "Wifi, watu watoke Hola mpaka hapa, wewe uwapelekee masizi? Watasema nyumba ya kaka yangu haina mwanamke."

Nikamjibu maneno ambayo sitayarudia. Lakini alipoondoka, neno lake halikuondoka. Wanawake wa mtoni mtanielewa. Kwetu chombo hakitoki nyumbani kikiwa kichafu. Unaweza kuwa huna cha kutia ndani, ukala embe la kuchemsha, lakini sufuria ikienda kwa jirani inakwenda imesuguliwa kwa mchanga na majivu hadi mtu ajione meno. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa kofi. Nililala na lile neno, nikaamka nalo.

Asubuhi binti aliondoka mapema na vyombo vingine, akaniambia, "Nyanya, wewe utakuja na kisufuria, kifunge vizuri masizi yasifutike." Alikuwa na kazi ya kuziba madirisha ya darasa kwa magunia.

Nilijua. Nilijua kabisa kwamba weusi ule wa kisufuria ndio anaoutaka. Nikashuka mtoni na kisufuria mkononi na bado najua. Nikajiambia, mwezi ukizidi kung'aa, na alama zitazidi. Nikachukua mchanga, nikachukua majivu na dodoki, nikasugua. Miezi ya masizi ilitoka ikaenda na maji. Nilisugua mpaka mkono ukauma, nikakiinua juani kikanipiga jicho. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikakifunga kwenye leso safi nikaenda zangu.

Mwanangu nilimkuta amefika, helmeti iko magotini, amekaa dawati la nyuma kama mtoto aliyechelewa. Nikakaa kando yake. Darasa lilikuwa na giza zuri. Katikati kulikuwa na balbu moja inawaka, hiyo ndiyo jua, na vyombo vyangu vimetundikwa kwa kamba huku na huku, kila kimoja umbali wake. Mwalimu mgeni, mwanamume mfupi mwenye miwani aliyetoka Hola kuja kuchagua, alikuwa amesimama na karatasi zake. Mwalimu wa fizikia alikuwa pembeni, anakula kucha. Na wanafunzi wamejaa mpaka mlangoni.

Mke mwenzangu alianza. Sikuwa nimemsikia akisema mbele ya watu. Nyumbani sauti yake ni ya kuomba chumvi. Pale ilikuwa sauti ya mtu mwenye shamba lake anayekuonyesha mipaka. Akagawa vikonyo vya mpapai. Wakacheka, kisha wakachungulia, wakaacha kucheka. Akamsimamisha mwalimu mgeni kwenye kigoda karibu na balbu, akasema, "Hapo uko Zebaki. Itazame Zuhura." Mfuniko wangu wa harusi ukampiga miwani hadi akarudi nyuma hatua moja. Mwanangu akanigunia sikioni, "Huo si mfuniko wetu?"

"Nyamaza."

"Sasa," binti akasema, "tuhamie Zuhura. Tutaitazama Dunia, na kando yake tutautazama mwezi. Mwezi wetu ni mweusi. Ni mweusi kama lami, kama masizi. Tunauona mweupe kwa sababu mbili tu: jua linaupiga, na uko karibu nasi. Ukiwa huku mbali, mtaona jinsi Dunia inavyoushinda."

Akanijia, akachukua furushi mkononi mwangu bila kulitazama, akaifungua leso mbele ya taa.

Kile kisufuria kilipokea mwanga wote wa balbu kikautapanya ukutani. Kulikuwa na doa la mwanga juu ya ubao, linatikisika. Sinia yangu ya maua, Dunia yenyewe, ilionekana kama imepakwa tope.

Kisha mwalimu mgeni akakohoa.

"Binti. Mwezi wako umeishinda Dunia."

Mtu mmoja mlangoni akapiga mluzi, wengine wakaangua kicheko. Binti alikitazama kisufuria. Kisha akaniangalia mimi. Ilikuwa mara moja tu, fupi, halafu akainamisha macho.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

"Kwa hiyo mwezi unang'aa kuliko Dunia?"

"Hapana, mwalimu."

"Lakini ndicho ulichotuonyesha. Kuna maelezo?"

Binti akaikunja ile leso mara mbili.

"Kuna maelezo?"

"Hakuna, mwalimu."

Alikuwa nayo maelezo. Yalikuwa maneno mawili: nyanya amesugua. Angeyasema, wangenicheka mimi, na yeye angeendelea. Lakini mtoto aliyelelewa hamvui nguo mkubwa wake mbele ya watu, na aliyemlea hivyo ni mimi. Nikasikia helmeti ikikwaruza dawati. Mwanangu alikuwa ameinuka nusu.

Basi nikasimama mimi.

"Mwalimu," nikasema, "kosa si lake."

"Mama, samahani, wazazi wanatazama tu. Hawasemi."

"Mimi si mzazi. Mimi ni bibi yake. Hicho kisufuria jana kilikuwa cheusi kuliko moyo wa fisi. Mimi nimekisugua asubuhi hii mtoni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya wageni. Kwa sababu yako wewe!"

Hapo walicheka mpaka magunia ya madirishani yakatikisika. Nikasikia kijana mmoja anasema, "Shosho ameosha mwezi!" na wenzake wanalirudia neno hilo kutoka mlangoni hadi uwanjani. Uso wangu uliwaka. Nimezaa watoto saba, nimevuka mafuriko manne, nimegombana na viboko mpungani, sijawahi kuchekwa na watu wengi hivyo kwa pamoja. Sikukaa.

"Nipe muda," nikasema. "Kuna watoto wengine hawajasema bado. Wacha waseme. Wakimaliza, mwezi utakuwa umerudi rangi yake."

Mwalimu mgeni alitazama saa. Alitazama karatasi zake. Akamtazama binti, aliyekuwa bado amesimama wima penye Zuhura. "Wamebaki watatu," akasema. "Wakimaliza na hamjarudi, nafunga."

Nilikichukua kisufuria nikatoka mbio, kama mbio ni neno la magoti yangu. Binti akanifuata.

"Nyanya, masizi yale ni ya miezi."

"Ya kwetu ni ya miezi. Ya hapa ni ya miaka. Jiko la shule liko wapi?"

Mpishi wa shule ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa anageuza mahindi na maharagwe kwenye sufuria ambayo ng'ombe angeogea ndani. Kando ya ukuta kulikuwa na nyingine kama hiyo, tupu, imefudikizwa. Nikakiona kitako chake, nikamshukuru Mungu. Masizi yalikuwa mazito kama gome.

"Dada yangu," nikamwambia, "naomba masizi."

Akaacha mwiko. "Nini?"

"Masizi. Ya sufuria hiyo. Na mafuta kidogo."

"Nyanya, watu huja hapa kuomba ukoko. Wewe waomba masizi?"

"Nipe kwanza, nitakueleza nikipaka."

"Chukua yote! Chukua na yale ya ukutani, miaka kumi nimewaomba waje kuyasugua."

Nikakikwangua kitako kile kwa kucha. Nilitia masizi kiganjani, nikachanganya na mafuta ya kupikia, nikakipaka kisufuria changu kwa mikono miwili, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Kisha nikakishika juu ya moshi wa kuni mbichi kikavukie. Nilichokisugua kwa saa nzima nilikichafua kwa dakika chache. Mpishi alisimama ameshika kiuno, anacheka hadi machozi, lakini alizidi kunisogezea kuni mbichi.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia bila kumgeukia, "Niseme nini, mke mwenzangu? Wifi yangu alinichokoza. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Akasema, "Nyanya, ungesugua mwezi wenyewe, ule wa juu, usiku wetu ungekuwaje?"

"Nakuomba radhi na wewe unaniuliza maswali?"

"Ungekuwa mweupe kama mawingu ya Zuhura," akasema, na macho yake yalikuwa mbali. "Ukiwa mpevu ungetuangazia mara tano, mara sita ya huu. Sikuwa nimelifikiria. Hata kitabuni halimo."

Nikajua amekwisha kunisamehe, na zaidi ya hapo amekwisha kunitumia.

Tuliingia wa mwisho akiwa anakaa. Mwalimu mgeni alikuwa amekwisha kuifunika kalamu yake, akaifunua tena. Binti hakuanza alipoachia. Alisimama mbele akasema, "Mlichokiona mara ya kwanza kilikuwa mwezi uliosuguliwa. Asante kwa Nyanya yangu. Sasa mnaweza kulinganisha." Akaeleza usiku ungekuwaje kama mwezi wetu ungekuwa mweupe: nyota ndogo zote zingefichika, watu wangetengeneza nyavu nje bila taa. Halafu akakitundika kisufuria cheusi kando ya sinia, akawarudisha watu Zuhura, wakachungulia mmoja mmoja. Dunia ilikuwa inang'aa, maua na yote. Kando yake mwezi ulikuwepo, mdogo, umefifia, kama mtoto aliyejificha nyuma ya mama.

"Na sisi tukiwa mwezini, tukiitazama Dunia?" mwalimu mgeni akauliza.

"Ingekuwa sinia nzima mahali pa kisufuria, mwalimu. Upana mara nne, na mwanga mara nyingi zaidi. Ungesoma barua kwa mwanga wa Dunia."

Alipofika Mirihi alitafuta mtu wa kumsimamisha, akamwita baba yake. Mwanangu akainuka na helmeti yake mkononi, akaenda hadi nyuma kabisa, penye kigae cha mtungi. Akachungulia kwa muda mrefu kuliko wote.

"Naona kitone," akasema. "Na kando yake kama vumbi."

"Hiyo ndiyo Dunia na mwezi, baba. Huko wangeiona alfajiri au magharibi, kama sisi tunavyoiona Zuhura. Nyota nzuri."

"Na Bura?"

"Humo kwenye kitone."

"Na Garsen?"

"Humo humo. Huwezi kuzitenga."

Mwanangu akaendelea kuchungulia. Niliona anakigeuza kile kikonyo vidoleni, hataki kukirudisha.

Mwalimu mgeni hakutuweka sana. Alisoma jina la mke mwenzangu kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma jina la dukani, na mwalimu wa fizikia akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Mimi sikuruka. Nilikaa nikasema moyoni, haya basi, nenda Hola.

Nje, mwanangu alimwambia binti yake, "Neno langu ni lile lile. Utabaki umalize." Kisha akajikuna shingo. "Mapacha nitashika mmoja mimi."

"Na nepi?" nikamwuliza.

"Nepi nitafua, mama."

"Nitakuja Bura nikague."

Mwalimu wa fizikia akaja na simu yake, amefurahi hadi anajikwaa. Alitaka picha ya kubandika ofisini: binti katikati ameshika kisufuria, baba upande mmoja, mimi upande wa pili. Tukajipanga. Akatutazama kwenye simu, akashusha simu, akaniangalia mikono. Ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na mafuta yanang'aa juu yake.

"Nyanya," akasema kwa adabu, "bomba liko hapo nyuma. Nawa kwanza, tutakungoja."

"Sinawi. Nipigeni na mikono yangu hivi hivi."

Akacheka, akadhani natania. Mwanangu akaniinamia sikioni. "Mama, tafadhali. Picha hiyo itafika Hola, itafika Bura, na shangazi ataiona. Dakika moja tu. Nawa."

Nikalishika bega la mjukuu wangu kwa mkono wangu wa kulia, juu ya shati lake jeupe la shule.

"Sinawi. Nipigeni na mikono yangu hivi hivi."